Anayemrudisha Mtoto Hospitali

Historia ya tiba aghalabu huandikwa kwa majina ya madaktari. Ugonjwa hupewa jina la yule aliyeueleza kwanza, dawa huhesabiwa kuwa ya yule aliyeigundua, na jengo hubandikwa kibao cha yule aliyetoa fedha. Si vibaya, kwa kuwa watu hao walifanya kazi. Lakini nusu ya pili ya historia hiyo haijaandikwa. Ni nusu ya watu waliombeba mtoto mpaka hospitali, wakamrudisha nyumbani, kisha wakamleta tena na tena, hata siku ambazo kwa macho ya kila mtu alionekana hana ugonjwa. Nimeamua kuieleza nusu hiyo kwa njia ya ugonjwa mmoja ambao historia yake ilianzia Afrika Mashariki, na ambao uliingia katika ukoo wetu mwaka 2017.

Mimi ni mkazi wa Soweto, mjini Moshi. Kabla ya kustaafu nilifundisha somo la historia kwa miaka mingi. Mdogo wangu wa kike ameolewa Kahe, kule bondeni, ambako watu hulima mpunga na mahindi na mbu hawana likizo. Mwanawe wa tatu alikuwa na umri wa miaka 6 jino lake la nyuma lilipoanza kulegea. Mtoto wa miaka 6 kulegea jino si ajabu. Wakamng'oa kwenye kituo kimoja cha afya, wakampa dawa ya maumivu. Baada ya wiki moja lilegea la pili, na shavu likaanza kuvimba. Baada ya wiki tatu uvimbe ulikuwa mkubwa kama embe, jicho la upande ule likaanza kusukumwa nje, na mtoto akawa hawezi kutafuna. Mama yake akampandisha Moshi kwa basi, akafikia kwangu, na kesho yake tukaenda naye KCMC.

Kule walimkata kinyama kidogo kwa ajili ya vipimo. Tuliporudi kuchukua majibu daktari alituketisha, akasema ni saratani, inaitwa limfoma ya Burkitt, na akaongeza haraka kwamba ni mojawapo ya saratani zinazotibika. Mdogo wangu hakusikia neno la pili. Lile la kwanza lilikuwa limeziba masikio yake. Mimi nilisikia jina la Burkitt, nikakumbuka kwamba niliwahi kulisoma. Usiku ule nilitafuta vitabu vyangu vya zamani.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja tu, kwa sababu lile lingine lilipotea katika ajali alipokuwa mtoto. Alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi kwanza Lira, kisha katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake, Dakta Hugh Trowell, alimwita wodini kumwangalia mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwa ameona jambo kama hilo. Uvimbe wa kawaida huota mahali pamoja. Huu ulikuwa umeota mahali panne kwa mkupuo. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa taya, na alipompima tumbo akakuta uvimbe mwingine humo. Akarudi Mulago kufungua mafaili ya zamani, akakuta watoto wengi wa namna hiyo walikuwa wamepita hapo, kila mmoja akiwa ameandikiwa jina tofauti la ugonjwa kufuatana na kiungo kilichovimba. Mwaka 1958 akachapisha maelezo yake.

Hapo ndipo vitabu huanzia. Lakini mimi, nikiwa na mpwa wangu amelala chumba cha pili, nilijiuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza nilipokuwa kijana: mtoto yule wa Mulago aliletwa na nani? Mafaili yale ya zamani yalijaa kwa sababu kila faili lilikuwa na mama, baba, bibi au mjomba aliyeacha shamba na kutembea. Daktari aliweza kuona kwamba ni ugonjwa mmoja kwa sababu familia nyingi, zisizojuana, zilikuwa zimeshaubeba ugonjwa huo mpaka mlangoni pake.

Burkitt akataka kujua ugonjwa huu unapatikana wapi na wapi hauko. Alipeleka karatasi za maswali zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika. Kisha tarehe 7 Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, wakateremka kusini mwa Afrika na kurudi, mwendo wa maili zipatazo 10,000 kwa muda wa wiki 10 hivi. Ni miezi ile ile ambayo Tanganyika ilikuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake tarehe 9 Desemba. Kila walipofika hospitali ya serikali au ya misheni walitoa picha na kuuliza: mmewahi kuona mtoto wa namna hii? Safari hiyo hadi leo huitwa katika vitabu vya tiba kwa neno letu wenyewe, safari, na gharama yake ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na elimu iliyopatikana.

Jibu walilolipata linatuhusu sana sisi wa Kilimanjaro. Ugonjwa ulikuwa wa nchi za joto na mvua, na ulipungua kadiri ardhi ilivyoinuka. Karibu na ikweta, kwenye nchi iliyo juu ya futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500, haukuonekana isipokuwa kwa nadra. Mwanzoni Burkitt alidhani ni kizuizi cha mwinuko. Baadaye ikaeleweka kwamba ni joto na mvua, yaani mambo yale yale yanayotawala maisha ya mbu. Wataalamu wakaanza kuiangalia malaria.

Mtu anayeishi Moshi huiona ramani hiyo kwa macho. Kahe iko chini, mji uko katikati, na vihamba vya Kibosho, Uru na Marangu viko juu. Wazee wetu walikaa mlimani kwenye migomba, wakateremka kulima mashamba ya chini wakati wa msimu, kisha wakapanda tena. Walijua kwamba bondeni kuna homa, ingawa hawakujua kwamba huletwa na mbu. Leo ardhi ya mlimani imekwisha kugawanywa mpaka imekuwa vipande vya kuota migomba michache, na vijana wameteremka kuishi moja kwa moja huko ambako babu zao walikwenda kwa msimu tu. Shemeji yangu ni mmoja wao. Hakuchagua malaria, alichagua mahali penye shamba.

Sehemu ya pili ya jibu ilipatikana London. Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara huko, na kati ya wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein. Epstein aliomba apelekewe vinyama vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964, yeye pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa virusi kuhusishwa na saratani ya binadamu. Virusi hivyo, vinavyoitwa Epstein-Barr, karibu kila mtu duniani anavyo, na kwa walio wengi havifanyi neno. Bali kwa mtoto anayepigwa na malaria mfululizo tangu utotoni, mwili huchoka kuvidhibiti, na kwa wachache seli moja huharibika na kuanza kujizidisha bila breki.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu nyumbani yalitusaidia. Jirani mmoja alianza kuwakataza watoto wake kucheza na mpwa wangu, akisema kansa huambukiza. Niliweza kumweleza, kwa upole, kwamba virusi hivyo bila shaka hata yeye anavyo, na watoto wake pia, na kwamba saratani yenyewe hairuki kutoka mtoto hadi mtoto. Hakuniamini siku ile. Baada ya siku chache aliwaruhusu wacheze, lakini uwanjani, si ndani.

Sasa nije kwenye dawa. Upasuaji haukufaa kitu. Burkitt mwenyewe, ingawa ni mpasuaji, aliona kwamba ukikata taya huku, uvimbe unaota kule. Mashine za kutibu kwa mionzi hazikuwako Uganda wakati ule. Ikabaki kujaribu dawa, ambazo zenyewe zilikuwa changa. Huko Boston, Marekani, Dakta Sidney Farber alikuwa ameandika mwaka 1948 kwamba kati ya watoto 16 wenye saratani ya damu aliowapa dawa iitwayo aminopterini, 10 walipata nafuu. Ilikuwa nafuu ya muda, ugonjwa uliwarudia. Hata hivyo kwa mara ya kwanza saratani ya damu ilikuwa imerudishwa nyuma kwa dawa. Kutoka hapo zikaja ndugu zake: methotreksati, saiklofosfamaidi, na vinkristini, ambayo hutolewa kwenye ua dogo lenye asili ya Madagaska, la rangi ya zambarau au nyeupe, linalopandwa mbele ya nyumba nyingi mjini kwetu bila mtu kujua lina nini.

Miaka ya mwanzo ya 1960, Burkitt kule Kampala, na Dakta Peter Clifford huko Nairobi, walianza kuwapa watoto dawa hizo, wakisaidiwa na wataalamu kutoka Marekani. Walichokiona kiliwashangaza. Uvimbe wa Burkitt hukua upesi kuliko saratani nyingine nyingi, na kwa sababu hiyo hiyo huyeyuka upesi unapopigwa na dawa. Mtoto ambaye jicho lake limetokeza huweza kulifumba tena baada ya siku chache. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo maalumu cha kutibu ugonjwa huo, chini ya daktari kijana wa Kimarekani, John Ziegler. Kituo hicho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na nchi ilipoingia katika misukosuko ya utawala wa Idi Amin na wageni wakaondoka, Mganda Charles Olweny alishika usukani na kazi ikaendelea.

Lakini Kampala walijifunza jambo jingine pia. Uvimbe kuyeyuka si kupona. Watoto wachache walipona hata kwa dozi moja. Wengi waliporudi nyumbani mapema, ugonjwa uliwarudia, na mara nyingi ulirudi ukiwa umejificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa ya mshipani haifiki vizuri. Ndiyo maana mtoto huchomwa sindano ya mgongo hata kama shavu lake limekwisha kuwa sawa. Na ndiyo maana wafanyakazi wa kituo kile walilazimika kwenda vijijini kuwatafuta watoto, nyumba kwa nyumba, ili kujua nani yu hai na nani ugonjwa umemrudia. Elimu yote ya kwamba ugonjwa huu unapona ilitegemea mlango wa nyumba fulani kufunguliwa na mama fulani kusema, "Karibuni, huyu hapa."

Jambo hilo la kuyeyuka ndilo lililotaka kutuponza. Mpwa wangu alipewa dozi ya kwanza siku ya Jumatatu. Ijumaa alikuwa anakula mtori. Jumatatu iliyofuata shavu lilikuwa limerudi karibu na lilivyokuwa, na mtoto anacheka. Shemeji yangu akaja kutoka Kahe, akamwona mwanawe, akalia machozi ya furaha, akakaa kimya kwa muda, kisha akaniambia: "Shemeji, Mungu amejibu. Mtoto amepona. Nimekuja kumchukua."

Msomaji usimhukumu haraka. Ilikuwa mwezi Machi, mvua za masika zinakaribia, shamba halijalimwa. Mkewe alikuwa Moshi kwa majuma manne. Watoto wengine wawili walikuwa nyumbani wanapikiwa na jirani. Ng'ombe mmoja alikuwa ameshauzwa. Na hapo mbele yake amesimama mtoto mzima, anayecheka, ambaye madaktari wanataka kumpa dawa ile ile inayomtapisha usiku kucha na kumnyonyoa nywele. Baba anayesema inatosha, katika hali hiyo, anahesabu kwa hesabu aliyonayo.

Tulikaa kikao sebuleni kwangu, watu saba. Nilisema niliyoyasoma: habari za Kampala, za watoto waliorudishwa nyumbani wakicheka. Shemeji alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama watoto hao walikuwa wa miaka ya 1960. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hayo ni ya zamani, dawa za sasa zina nguvu." Hapo niligundua kwamba historia peke yake haimlimii mtu shamba. Baba mkubwa wa mtoto alipendekeza apelekwe kwanza kwa mganga mmoja anayesifika kwa mizizi, halafu kama uvimbe ukirudi ndipo arudi hospitali. Mdogo wangu hakusema neno. Alikuwa anamfunga mtoto kitambaa kichwani.

Aliyetutoa pale alikuwa mama yetu, bibi wa mtoto, ambaye alikuwa ameteremka kutoka mlimani asubuhi ile na alikuwa hajauliza lolote juu ya virusi wala Kampala. Aliuliza hivi: "Zimebaki dozi ngapi?" Nikamwambia tano, kila moja baada ya majuma mawili hivi, kama damu itakuwa imepanda. "Nauli ni nani anatoa? Nani anapika Kahe? Nani analima?" Kila swali likawekwa mezani kama sahani. Baba mkubwa, yule yule wa mizizi, akasema atalima ekari mbili kwa trekta la kukodi na alipwe wakati wa mavuno. Dada yetu mkubwa akasema watoto wale wawili waje kwake. Mimi nikasema mgonjwa na mama yake watakaa Soweto mpaka dozi ya mwisho, na nauli ya daladala ya kwenda KCMC ni juu yangu. Mama akasema, "Basi, mwanangu," akimtazama shemeji, "mtoto hajazuiwa tena na kitu." Shemeji akainama. Alikubali. Alikuwa hakukataa tiba hata kidogo. Alikuwa ameelemewa na mambo ambayo hakuna daktari aliyemwuliza.

Miezi iliyofuata ndiyo niliyojifunza zaidi. Dawa huchukua saa chache kuingia mshipani. Yaliyobaki yote ni kazi ya nyumbani. Maji ya kunywa lazima yachemshwe. Mikono inaoshwa kabla ya kumshika. Vidonda vya mdomoni husukutuliwa kwa maji ya chumvi mara nyingi kwa siku, na mtoto analia kila mara. Joto la mwili likipanda hata usiku wa manane hakuna kungoja asubuhi, kwa sababu dawa imeshusha askari wa mwili na homa ndogo huweza kuua. Mara mbili tulikodi teksi saa nane za usiku. Mara tatu damu yake ilipungua, na wajomba, baba wadogo na vijana wawili wa jirani walikwenda kutoa damu. Yule jirani aliyewakataza watoto wake alikuwa mmoja wao. Chama cha akina mama cha kuweka na kukopa, ambacho mke wangu ni mwanachama, kilimkopesha mdogo wangu bila dhamana, jambo ambalo halijawahi kufanyika kwa mtu asiye mwanachama.

Kulikuwa pia na gharama isiyoandikwa mahali popote. Mtoto wa pili wa mdogo wangu, msichana wa miaka 9, alianza kukojoa kitandani huko kwa shangazi yake. Alikuwa anaogopa kwamba mama yake hatarudi. Ugonjwa ulikuwa wa mmoja, lakini watoto wote watatu waliugua, kila mtu kwa namna yake.

Wodini tulikutana na familia nyingine, kutoka Same, Rombo, Babati na kwingineko. Mtoto mmoja wa kike, aliyekuwa kitanda cha jirani, aliyeyuka uvimbe kama wetu na kuchukuliwa nyumbani baada ya dozi ya pili. Baba yake alikuwa kibarua na hakuwa na mtu mjini. Alirejeshwa baada ya miezi miwili akiwa hawezi kusimama, macho hayaoni sawasawa. Alifariki wiki ile ile. Nilimwona baba yake nje, amekaa kwenye ukingo wa saruji na sufuria mikononi. Hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Kati yake na shemeji yangu sikuona tofauti yoyote ya mapenzi wala ya akili. Tofauti ilikuwa nyumba ya Soweto na watu saba sebuleni.

Nchi yetu nayo ina sura zake katika historia hii. Katika wilaya ya Mara Kaskazini, karibu na Ziwa Viktoria, kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa vidonge vya klorokwini ili kuona kama malaria ikishuka limfoma ya Burkitt nayo itashuka. Dakta Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati alikuwa miongoni mwa walioifanya kazi hiyo. Ugonjwa ulipungua kweli, lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya vidonge, kwa hiyo jibu halikuwa wazi. Hata hivyo fikiria ni akina mama wangapi waliokubali kuwapa watoto wazima kidonge kichungu, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya swali ambalo jibu lake lingewafaa watoto wa wengine.

Kwa miaka mingi, mtu wa Moshi aliyehitaji tiba ya saratani alitazamia safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwenda hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 tiba ya watoto ilihamishiwa Muhimbili, ambako daktari wa watoto kutoka Ireland, Trish Scanlan, na wenzake Watanzania waliijenga pamoja na shirika la Tumaini la Maisha. Jambo moja walilolitilia mkazo ni malazi kwa mtoto na mzazi wake, kwa kuwa walikwisha kuona kwamba mtoto asiye na mahali pa kulala haji dozi ya pili. KCMC yenyewe, iliyofunguliwa Machi 1971, ilipata kituo chake cha saratani mwaka 2016. Kama mpwa wangu angeugua miaka michache kabla, sebule yangu isingetosha kumwokoa. Ingetakiwa sebule iliyoko Dar es Salaam.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la kufikia angalau asilimia 60 duniani ifikapo mwaka 2030. Wataalamu hutaja sababu za pengo hilo: ugonjwa kutambuliwa kwa kuchelewa, dawa kukosekana, wauguzi wachache, na tiba kuachwa katikati. Hiyo ya mwisho huandikwa kana kwamba ni kosa la wazazi. Mimi, niliyekaa upande wa wazazi, nasema kwamba tiba haiachwi na mtu mmoja. Huachwa pale ambapo dozi imepangwa na nauli haikupangwa, kitanda kimeandaliwa kwa mtoto na hakuna mkeka kwa mama, na daktari ameeleza juu ya seli na hakuna aliyeuliza nani analima.

Na upande wetu sisi jamaa, tusingoje hospitali itufanyie yote. Ukisikia mtoto wa ndugu ana saratani, usiulize kwanza kama atapona. Uliza zimebaki dozi ngapi, kisha uchague moja uibebe wewe. Mjomba achukue nauli, shangazi awachukue waliobaki nyumbani, jirani atoe damu, mwenye chumba cha ziada kando ya hospitali akifungue. Na uvimbe ukiyeyuka, hapo ndipo familia inapotakiwa kujikaza zaidi, maana furaha ya wiki ya pili imewapoteza watoto wengi.

Mpwa wangu alimaliza dozi zote mwezi Juni 2017. Mavuno ya Kahe mwaka ule yalikuwa haba, na deni la trekta lilichukua misimu miwili kulipwa. Alirudi kliniki kila alipoitwa, kwanza kila mwezi, baadaye kila baada ya miezi kadhaa, na baba yake ndiye aliyekuwa akimleta, akifunga safari alfajiri hata wakati wa palizi. Sasa mtoto amemaliza elimu ya msingi. Ana pengo kwenye meno ya nyuma upande wa kushoto, na anapenda sana mpira.